Sukari ina milango miwili, Bunge limegusa mmoja

MWANZONI mwa mwaka 2024 wakazi wa Mikumi walijikuta katika hali ya kushangaza. Wanaishi jirani kabisa na mashamba ya miwa ya Kidodi na Ruhembe, lakini kama Watanzania wengine walikuwa wakitafuta sukari kwa tochi. Mvua za El Nino zilikuwa zimelowesha mashamba, magari yakashindwa kuingia kubeba miwa na viwanda vikasimama. Bodi ya Sukari Tanzania ilitangaza bei elekezi ya rejareja ya kati ya Sh2,700 na Sh3,200 kwa kilo kutegemea mkoa. Madukani bei ilivuka Sh4,000, na sehemu nyingine iligusa Sh6,000.

Mkulima wa miwa wa Ruhembe hakuifaidi bei hiyo. Miwa yake ilikuwa imesimama shambani ikinyeshewa. Na hata kama ungekuwa msimu mzuri wa kiangazi, yeye hauzi sukari. Anauza miwa, tena anaiuza kwa mnunuzi mmoja.

Mambo haya mawili, bei ya sukari dukani na bei ya miwa kwenye mizani ya kiwanda, huzungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Si jambo moja. Katika miaka ya karibuni wabunge wamepigana na ukiritimba kwenye mlango wa kwanza, ule wa dukani, na wamepata walau mabadiliko ya sheria. Mlango wa pili, ule ambao lori la miwa huingilia, haujaguswa. Kwa kaya za kusini mwa Wilaya ya Kilosa, huko ndiko ada ya shule na bati la nyumba vinakotoka.

Vita ya vibali

Kwa miaka mingi utaratibu nchini ulikuwa kwamba sukari ya kuziba pengo, yaani ile inayopungua baada ya viwanda kufunga msimu, inaagizwa na wenye viwanda wenyewe. Sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Sukari ni miongoni mwa bidhaa nyeti za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ushuru wake wa forodha ni asilimia 100, hivyo kila anayepewa kibali cha kuiingiza kwa ushuru uliopunguzwa anapewa fedha mkononi. Ilionekana ni heri fedha hiyo imfikie aliyejenga kiwanda na kulima miwa kuliko mchuuzi wa bandarini asiye na hata shina moja la muwa.

Tatizo ni kwamba aliyepewa jukumu la kuziba pengo ndiye huyo huyo anayenufaika pengo likiwepo. Mtu hahitaji shahada ya uchumi kuliona hilo. Lilijitokeza mwaka 2016, pale Rais John Magufuli alipozuia uagizaji wa sukari bila idhini yake. Bei elekezi ilikuwa Sh1,800, lakini madukani ikapanda mbali na hapo, na maofisa wakaingia kwenye maghala kutafuta sukari iliyofichwa. Maghala yalikaguliwa, kelele zikapungua, lakini swali la nani ashike kibali likabaki palepale.

Liliibuka tena Juni 2024. Katika bajeti ya mwaka 2024/25, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipendekeza kurekebisha Sheria ya Sekta ya Sukari ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) aweze kununua, kuhifadhi na kusambaza sukari kama anavyofanya kwa mahindi. Wenye viwanda walipinga. Ndani ya Bunge, Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM, alimtuhumu aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, naye wa CCM, kwamba alitoa vibali kwa kampuni zisizostahili na kwamba alilidanganya Bunge. Bashe alikana. Mpina aliadhibiwa Juni 24 kwa kusimamishwa vikao 15, kosa likiwa kusambaza kwa waandishi wa habari ushahidi aliokuwa ameuwasilisha kwa Spika. Siku chache baadaye Muswada wa Fedha ulipita na NFRA akapata mamlaka yake.

Ukiacha maneno makali, pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Waziri alikuwa na hoja kwamba wachache hawawezi kuachiwa kufuli ya sukari ya nchi nzima. Mpina alikuwa na hoja kwamba ukivunja ukiritimba kwa kugawa vibali bila vigezo vilivyo wazi, hujauvunja, umeuhamisha tu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Bahati mbaya hoja hizo hazikukutanishwa. Zilipigwa kwa kura na adhabu.

Katika mjadala wote huo mkulima wa miwa alitajwa kwa heshima, lakini kwa kupitia tu. Ilhali yeye ana maslahi yanayovuta pande mbili. Malipo ya miwa katika bonde la Kilombero hayapangwi kama bei ya mahindi gulioni. Mapato ya sukari iliyotokana na miwa hiyo hugawanywa kati ya kiwanda na mkulima kwa mujibu wa mkataba wa mauzo ya miwa. Maana yake ni kwamba sukari ya nje ikiingia kwa wingi kupita pengo na bei ikaanguka, maumivu hayaishii kwa mwenye kiwanda. Yanashuka hadi kwenye stakabadhi ya mkulima. Mama anayenunua kilo moja pale Mikumi sokoni na kumbe ana ekari mbili za miwa Kidodi, anafurahi mkono wa kulia na kulia mkono wa kushoto.

Mto mmoja, mnunuzi mmoja

Wilaya ya Kilosa ni kubwa, na asiyeifahamu hudhani miwa imeenea kote. Kilosa mjini ni mji wa reli, ya zamani na sasa ya kisasa. Upande wa Kimamba na Rudewa ni nchi ya mkonge. Miwa ipo kusini, ukishaiacha barabara kuu pale Mikumi na kushika njia ya Kidatu na Ifakara. Unapita Kidodi, unapita Ruhembe, hadi unaufikia mto Ruaha Mkuu, ambao ndio mpaka na Wilaya ya Kilombero. Kampuni ya Sukari Kilombero imekaa kandokando ya mto huo: kiwanda cha K1 kiko ng'ambo, Msolwa, na K2 kiko upande wa Kilosa, Ruembe. Kampuni ilibinafsishwa mwaka 1998 na inaendeshwa na Illovo, ambayo leo ni mali ya Associated British Foods ya Uingereza. Serikali ilibakiza hisa asilimia 25.

Muwa si korosho. Korosho ukiona bei mbaya unaweza kuirudisha ghalani ukasubiri. Muwa ukishakatwa, sukari iliyomo huanza kupungua, na ukikaa siku mbili tatu juani umebaki kuni. Kwa hiyo umbali ndio unaoamua soko. Kiwanda cha Mtibwa, kule Turiani, kiko zaidi ya kilomita 200 kutoka Ruhembe. Ndani ya Wilaya ya Kilosa yenyewe kuna kiwanda kipya cha Mkulazi pale Mbigiri, kinachomilikiwa na mfuko wa NSSF pamoja na Jeshi la Magereza, lakini nacho kiko upande mwingine kabisa wa wilaya. Kwenye ramani wilaya ina wanunuzi wawili. Kwa mwenye shamba Ruhembe yuko mmoja.

Hali ya mnunuzi mmoja haimaanishi kwamba mnunuzi huyo ni mwovu. Bila kiwanda, Ruhembe isingekuwa na miwa. Kampuni hiyo ilianza kujenga upanuzi wa K4 mwaka 2021, mradi uliolenga kuongeza tani 144,000 za sukari kwa mwaka na kufikisha tani 271,000, na sehemu kubwa ya miwa ya ziada inategemewa kutoka kwa wakulima wa nje. Hilo ni jambo jema kwa mkulima kwa sababu moja ambayo haisemwi sana. Miaka ya nyuma kilio kilikuwa kwamba miwa inazidi uwezo wa kiwanda, na mwenye miwa iliyolala shambani hana nguvu ya kujadili chochote. Kiwanda kikiwa kikubwa kuliko miwa iliyopo, mezani hali inabadilika.

Lakini inabadilika kwa kiasi tu, kwa sababu mambo mengi yanayoamua malipo hayako kwenye bei. Yako kwenye mizani, kwenye zamu ya kuvuna na kwenye kipimo cha utamu. Chukua mfano wa hesabu, si wa mtu fulani: mkulima ana ekari tatu na anavuna tani 20 kwa ekari, jumla tani 60. Kipimo kikisema miwa yake ina sukari asilimia 10, amepeleka tani sita za sukari. Kikisema asilimia 9, amepeleka tani tano na kilo 400. Kilo 600 zimeondoka kwa tarakimu moja iliyoandikwa ndani ya maabara ambayo yeye hajawahi kuingia. Pengine tarakimu hiyo ni sahihi kabisa. Pengine lori lilikaa foleni siku mbili na utamu ukashuka kweli. Hata hivyo swali la nani alichelewesha lori nalo linajibiwa na yule yule mwenye mizani. Baada ya hapo zinakatwa gharama za kukata, kupakia na kusafirisha, makato ya ushirika, mkopo wa pembejeo na ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara.

Wakulima walijaribu kujikusanya ili wawe na sauti moja. Upande wa Kilosa kulikuwa na chama cha wakulima wa miwa cha Ruembe, RCGA, na ng'ambo ya mto kulikuwa na KCGA. Vyama hivyo viligawanyika vikazaa vyama zaidi ya kumi, kila kimoja na viongozi wake na mgawo wake wa kuvuna, kabla ya kugeuzwa kuwa vyama vya ushirika vya mazao, AMCOS. Sababu za kugawanyika zilikuwa nyingi, na baadhi ni aibu za wakulima wenyewe. Matokeo yake kiuchumi hayana utata: muuzaji aliyegawanyika vipande anakaa meza moja na mnunuzi asiyegawanyika.

Sheria ipo, soko ni lipi?

Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani (FCC) na Baraza la Ushindani linalosikiliza rufaa. Kwenye karatasi ni sheria yenye meno. Inakataza makubaliano ya kupanga bei, kugomea kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni. Inakataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya, na inazuia muungano wa makampuni unaozaa nguvu hiyo. Faini yake ni kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni iliyokosa, na hiyo si fedha ya soda.

Sheria hiyo ilivyotungwa ilimhesabu kuwa ametawala soko yule mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko husika na anayeweza kubana ushindani kwa faida yake. Maneno ya kuangalia hapo ni "soko husika". Ukisema soko husika ni sukari ya Tanzania nzima, basi kuna Kilombero, TPC ya Moshi, Kagera, Mtibwa, na tangu miaka hii michache Bagamoyo na Mkulazi. Mchezo unaonekana una timu za kutosha. Ukisema soko husika ni miwa mibichi iliyo ndani ya mwendo wa lori kutoka Ruembe, hesabu inakuwa asilimia 100 kwa mnunuzi mmoja. Ni sheria ile ile, ni miwa ile ile. Tofauti iko kwenye mahali anapochora mstari yule anayechunguza, na mazoea ya nchi nyingi ni kuuchora mstari huo kutokea upande wa mlaji.

Kwamba sheria inaweza kuuma imeshaonekana. Mwaka 2022 FCC iliridhia, kwa masharti, Scancem ya kundi la HeidelbergCement, lenye Twiga Cement, kununua hisa nyingi za Tanga Cement. Kampuni moja ya saruji na chama kimoja cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likautengua uamuzi huo kwa kuwa muungano ungevuka ile asilimia 35. Suala hilo lilirudi kwa maombi mapya, likajadiliwa hadi bungeni, ununuzi ukakamilika mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024 hisa hizo zikauzwa kwa kundi la Amsons la hapahapa nchini. Mtu anaweza kubishana juu ya mwisho wake. Kilicho muhimu kwa mkulima ni kwamba waliosimamisha biashara ile ya mabilioni hawakuwa Serikali. Walikuwa watu wa nje walioandika rufaa na kulipa wakili.

AMCOS ya Ruhembe kufanya hivyo ni jambo jingine. Wakili ana gharama, mtaalamu wa kuthibitisha soko husika ana gharama, na mlalamikaji atarudi kesho kuomba zamu ya kuvuna kwa mtu aliyemshitaki. Halafu liko suala la mwamuzi kuwa na jezi ya timu. Serikali ina robo ya hisa za Kilombero na za TPC, na mfuko wa hifadhi ya jamii una kiwanda Mbigiri. Gawio la hisa hizo ni fedha ya umma, lakini mwenye kupokea gawio hawezi kuwa na hamu kubwa ya kuuliza kama bei ya malighafi ni ndogo mno.

Hapa ndipo Kenya imekwenda hatua mbele. Sheria yao ya ushindani ilirekebishwa mwaka 2016 na tena 2019 ili kuitaja wazi nguvu ya mnunuzi, yaani mnunuzi mkubwa kumbana muuzaji mdogo kwa kuchelewesha malipo, kurudisha mzigo au kubadili masharti peke yake. Desemba 2023 mamlaka yao ya ushindani iliipiga kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour faini ya zaidi ya Sh1.1 bilioni za Kenya kwa kosa la aina hiyo, na mmoja wa waliolalamika alikuwa mfungasha asali. Mwenye asali alikwenda kulalamika juu ya mnunuzi wake, na akasikilizwa.

Lakini Kenya hiyo hiyo inafundisha tahadhari. Kule magharibi viwanda vya sukari vimesongamana, na vimekuwa vikinyang'anyana miwa. Mkulima alifurahi kupata wanunuzi wengi, akauza hata miwa michanga. Julai 2023 mamlaka za huko zililazimika kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Wanunuzi wengi bila kanuni nao walimaliza shamba.

Vyama vya siasa na vyama vya mazao

Dawa ya Kenya kwa fujo hiyo ilikuwa Sheria ya Sukari ya 2024, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Novemba 1 mwaka huo. Muswada uliletwa na Emmanuel Wangwe, mbunge wa Navakholo aliyechaguliwa kwa tiketi ya ODM, na ukapata sauti za wabunge wa ukanda wa miwa kutoka pande zote. Kilichowaunganisha ni kwamba wapiga kura wao wanalima zao moja.

Marekani, nchi ambayo vyama vyake viwili hugombana hata juu ya siku ya kukutana, imefanya hivyo mara nyingi katika suala hili. Sheria yao ya kwanza ya kupinga ukiritimba, ya mwaka 1890, ilipita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 1 na baraza la pili kwa kura 242 bila hata moja ya kupinga. Waliosukuma nyuma yake walikuwa pamoja na wakulima waliochoshwa na nauli za reli. Desemba 2022 bunge lao lilipitisha marekebisho mawili. Moja, la Amy Klobuchar wa Democrat na Chuck Grassley wa Republican, liliongeza ada kwa makampuni makubwa yanayoungana, ili fedha hizo zisaidie kuendesha vyombo vya kusimamia ushindani. La pili liliwapa wanasheria wakuu wa majimbo nguvu ya kubaki na kesi zao katika mahakama waliyoichagua. Ni marekebisho makavu, yasiyoshangiliwa na mtu, lakini chombo kisicho na fedha wala wataalamu hakimtishi mtu mwenye mawakili ishirini.

Grassley mwenyewe ni mkulima wa Iowa. Yeye na Jon Tester wa Democrat, mkulima wa Montana aliyekuwa seneta hadi 2025, walipigania pia mchunguzi maalumu wa soko la nyama, ambako makampuni manne huchinja karibu asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa. Muswada huo haukupita hadi bunge lile lilipomaliza muda wake Januari 2025. Wachinjaji wanne nao wana marafiki katika vyama vyote viwili.

Hapa nyumbani, kuvuka mipaka ya vyama kuna sura yake. Juni 2018 wabunge wa Lindi na Mtwara walisimama bega kwa bega kupinga Muswada wa Fedha uliohamisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje kutoka kwenye zao kwenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Walikuwamo Hawa Ghasia na Nape Nnauye wa CCM, na walikuwamo wa CUF. Walishindwa. Miezi michache baadaye wakulima wakakataa bei za mnadani, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Yale yaliyokataliwa bungeni kwa kura yalirudi kwa mlango wa nyuma, kwa gharama kubwa zaidi.

Bonde la Kilombero halijawahi kuwa na kambi kama ile ya korosho, ingawa nafasi ilikuwapo. Uchaguzi wa 2015 uliwapa CHADEMA majimbo ya pande zote mbili za mto: Mikumi kwa Joseph Haule, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Profesa Jay, na Kilombero kwa Peter Lijualikali. Jimbo la Kilosa lilibaki CCM. Mwaka 2020 yote matatu yakawa ya CCM, Kilosa ikachukuliwa na Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria. Wabunge wamebadilika, rangi za bendera zimebadilika, na katika muda wote huo lori la miwa limeendelea kupimwa kwenye mizani ile ile, kwa kipimo kile kile cha utamu.

Uchaguzi wa 2020 na ule wa Oktoba 2025 uliliacha Bunge likiwa karibu lote la chama kimoja. Kwa hiyo anayesubiri mapatano ya vyama ili sheria ya ushindani iimarishwe atasubiri sana. Mpaka unaopaswa kuvukwa Dodoma ni ule kati ya mbunge wa jimbo linalokula sukari na mbunge wa jimbo linalolima miwa. Wa kwanza wako wengi, na ndiyo maana mlango wa dukani ulishughulikiwa kwanza. Wa pili ni wachache: Mikumi, Kilombero, Mvomero, na majimbo machache ya Kagera na Kilimanjaro. Peke yao hawatoshi kupitisha kifungu chochote. Lakini mnunuzi mmoja hayuko kwenye miwa tu. Wako wabunge wa tumbaku, wa chai na wa pamba ambao wapiga kura wao wanaijua hadithi hii kwa majina mengine.

Kifungu wanachoweza kukidai pamoja si kirefu. Nguvu ya mnunuzi itajwe kwa jina katika Sheria ya Ushindani, na soko husika la zao linaloharibika lipimwe kwa umbali ambao zao linaweza kusafiri. Ushirika wa wakulima kujadili bei kwa pamoja uandikwe wazi kwamba si njama ya kupanga bei, kama Marekani walivyofanya kwa wakulima wao mwaka 1922. Upande wa Sheria ya Sekta ya Sukari, kipimo cha utamu na mizani vishuhudiwe na mtu asiyelipwa na kiwanda wala na AMCOS. Hili la mwisho ni la bei rahisi kuliko yote, na kiwanda chenye vipimo sahihi kitanufaika nalo, kwa sababu minong'ono ya foleni ya malori itakosa pa kushika.

Marekebisho ya aina hii kwa kawaida huingizwa katika Muswada wa Fedha, kama ilivyofanyika kwa NFRA. Muswada huo hujadiliwa na kupitishwa wiki za mwisho za Juni, na wadau huitwa mbele ya Kamati ya Bajeti kabla ya hapo. Mwaka 2024 wenye viwanda walijipanga na kusema yao. Juni ni mwezi ambao viwanda vya bonde la Kilombero huwa vinafungua msimu, na viongozi wa AMCOS za Ruhembe na Kidodi wanakuwa mizanini wakigombea zamu.